Saro iliyozeekea stoo: kisa cha mbegu ya mpunga Mabogini

Kisa hiki ni cha Mabogini, Moshi chini kule kwenye skimu ya mpunga, na nimeamua kukiandika chote maana kila nikipita naona kinasimuliwa kwa namna nyingine, huyu anasema mama mkulima mwenye mbegu hiyo aliuziwa mbegu feki, yule anasema ni magadi kwenye udongo, mwingine kaenda mbali kabisa anasema kuna mtu kamfanyia kitu. Mbegu ilikuwa halali, ya shambani kwake mwenyewe, ilipimwa ikafaulu, na bado miezi mitano baadaye zaidi ya nusu ilikuwa imekufa ndani ya salfeti bila kuguswa na mdudu. Ilizeeka tu, na mbegu kuzeeka ni jambo ambalo wengi wetu tunaona kama halipo, tunadhani mbegu ikishakauka inakaa tu pale ikisubiri maji.

Mama yuko kwenye kikundi cha kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, zile QDS zinazozalishwa na wakulima wenyewe, analima Saro 5 ambayo kitaalamu ni TXD 306, ndiyo mpunga unaouzika maana unanukia na unazaa. Alipanda Januari, akavuna mwishoni mwa Mei. Mpango ulikuwa mbegu hiyo iingie shambani tena Julai na inayobaki wauziwe majirani. Sasa hapa lazima ujue habari ya maji ya kule. Skimu ilijengwa kwa msaada wa Wajapani ikakamilika 1987, upande wa mpunga ulipangiwa kama hekta 1,100 kwa maji ya mito ya Rau na Njoro, ila tangu watu wa juu ya mabanio waanze nao kulima mpunga (na nani angewazuia, waliona jirani anavuna) maji yanayofika chini hayatoshi kila bloku kila msimu. Kwa hiyo kuna zamu. Julai bloku yake haikupata zamu. Mbegu iliyotakiwa kukaa stoo wiki kadhaa ikakaa mpaka Februari, na hakuna mtu aliyewaza kwamba hiyo peke yake inabadilisha hesabu nzima, kwa sababu mbegu haikuonekana kubadilika.

Februari akaloweka masaa 24, akavundika siku mbili kama kawaida, akafungua gunia. Anasema pale tu moyo ulimcheza maana joto la kuvundika lilikuwa dogo, ukitia mkono kwenye mbegu iliyochipua vizuri unasikia inachemka, hii ilikuwa vuguvugu tu. Vichipukizi vilikuwepo lakini kwa mafungu, hapa vipo pale hamna. Akamwaga kitaluni hivyohivyo akijipa moyo kwamba zingine zitafuata. Baada ya wiki kitalu kikawa na vipara, na ile miche iliyotoka ilikuwa ya marika tofauti, mingine imeshatoa jani la tatu wakati mingine ndo inachungulia.

Ushauri wa kwanza aliopewa ulikuwa wa majirani: ongeza mbegu. Mwaga mara mbili. Akamwaga mara mbili, akapata miche mingi zaidi lakini miche ileile dhaifu ya marika tofauti, na mpunga wa marika tofauti unakuja kukutesa wakati wa kuvuna, nusu umekauka unapukutika nusu bado wa kijani. Mi huo ushauri siupendi kabisa. Unaficha tatizo na unamaliza mbegu.

Nilipoitwa nilianza na zile tuhuma zilizokuwa zinazunguka. Magadi: kweli kuna sehemu za kule zina chumvi, ila kitalu kilekile upande wa pili shemeji yake alimwaga 64 yake (IR64, aina nyingine ya mpunga) ikatoka vizuri kiasi, na mbegu za Saro tulizoziotesha nyumbani kwenye kitambaa kilicholowa maji ya kunywa nazo zilikataa vilevile. Udongo ukatoka kwenye kesi. Mbegu feki: alivuna mwenyewe. Ndege na panya: mbegu zilikuwepo kitaluni, unazifukua unazikuta. Maji mengi kitaluni yanaweza kuua kweli, lakini yasingeua na zile za kwenye kitambaa.

Kuna kitu kimoja mama alikuwa anakishikilia sana, kwamba yeye alichambua mbegu kwa maji ya chumvi, ile ya kutumbukiza yai, ukiongeza chumvi mpaka yai linaelea ndo unamimina mbegu, zinazoelea unatupa zinazozama unapanda. Na zake karibu zote zilizama. "Sasa mbegu nzito hivi itakuwaje imekufa?" Swali zuri kabisa. Jibu ni kwamba yai linakupimia ujazo wa punje, kwamba imejaa wanga au ni pepe, na wanga haupungui kwa uzee wa miezi minane. Kilichokufa ni kiini, kale kadoa kadogo kwenye kona ya punje, na kenyewe kikifa hakipunguzi uzito, hakibadilishi rangi ya ganda, hakinuki. Punje iliyokufa kwa uzee inazama na yai lako vilevile kama iliyo hai. Tulichukua punje zilizogoma baada ya siku 14 kwenye kitambaa tukazibana kwa kucha: laini, zinatoka uji wa kijivu, nyingi zimeshaota ukungu. Mbegu iliyolala usingizi tu haiwi hivyo, inabaki ngumu na safi hata ikikaa majini. Nataja hili kwa sababu kuna mtu alisema labda Saro bado imelala, usingizi wa mbegu mpya, lakini kwa mbegu ya Mei usingizi wa mpunga wa aina hii Februari unakuwa ulishaisha zamani.

Kwenye salfeti zilizobaki, kati ya punje 100 zikaota 38.

Afu tukafungua daftari la kikundi. Septemba walipima uotaji, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kitamu, maana matokeo yalikuwa 91 kwa mia. Wengi tunachukua 80 kama mstari wa mpunga wa mbegu, kwa hiyo 91 ni kufaulu kwa raha, kikundi kikapiga makofi, salfeti mbili akauziwa mtu wa Chekereni palepale. Lakini yule kijana aliyepima alikuwa makini, akaandika hesabu mbili na sio moja: siku ya tano zilikuwa zimeota 46, siku ya 14 ndo zikafika 91. Wote waliangalia 91. Mi nilipoona 46 nikajua mbegu ilikuwa imeshachoka Septemba. Mbegu changa ya mpunga kwenye joto la Moshi ikishapata maji haiulizi mara mbili, siku ya tano nyingi zinakuwa zimeshatoka. Iliyozeeka inachelewa kwa sababu kabla ya kuota inabidi kwanza ijikarabati: utando wa seli umevuja, mashine za nishati ndani ya seli zimeharibika, nyuzi za vinasaba zimekatika hapa na pale, na kimeng'enya cha ukarabati hakifanyi kazi mpaka maji yaingie. Kwa hiyo punje inakunywa maji halafu inatulia inashona kwanza. Zinazomaliza kushona zinaota kwa kuchelewa, zisizoweza zinaoza. Kwenye kitambaa safi, kivuli, maji ya kiasi, punje inayochelewa inasamehewa na inahesabiwa kuwa imeota. Kitaluni kwenye tope hakuna wa kuisubiri.

Na kuna tabia moja ya uzee wa mbegu inayowapotosha hata wataalamu. Uotaji haushuki kwa mstari ulionyooka, hivi kwamba mwezi huu 95, ujao 90, ujao 85. Unakaa juu, unakaa juu, unakaa juu, halafu unaporomoka. Punje zote zinazeeka kwa pamoja siku zote lakini kila moja ina siku yake ya kufa, na siku hizo zimerundikana katikati, ndiyo maana ukichora unapata mteremko wenye bega. Septemba mbegu ya mama ilikuwa begani. Ellis na Roberts wa Uingereza ndio walioliweka hili kwenye hesabu iliyokamilika mwaka 1980 na benki za mbegu duniani zinaitumia mpaka leo. Ukiivua hesabu yao nguo zote unabaki na vitu viwili: mtaji ambao mbegu inatoka nao shambani, na kasi ya matumizi ambayo inapangwa na unyevu pamoja na joto la stoo. Asilimia ya uotaji haikuonyeshi mtaji. Mafungu mawili yote yanaweza kuwa na 95, moja lina mtaji wa miaka na lingine limebakiza miezi miwili, na kwenye karatasi yanafanana.

Mtaji wa mama ulianza kupungua kabla hata hajavuna. Mpunga ulilala kidogo kwa mvua za mwisho za masika, kombaini ilikuwa na foleni, ukakaa shambani zaidi ya siku zake, unaloa asubuhi unakauka mchana, na kulowa kukauka kule kunazeesha mbegu ikiwa bado kwenye suke. Kisha ukapurwa kwa kupigwa kwenye pipa. Kupiga pipa sio dhambi, ila punje inayopigwa ikiwa na unyevu mwingi au imekauka kupita kiasi inapata nyufa na majeraha ya kiini ambayo huyaoni.

Halafu ukaushaji. Mwisho wa Mei Moshi si unaijua, mawingu yanashuka kutoka mlimani jua linaonekana saa nne mpaka saa nane likikuonea huruma. Alianika kwenye turubai, akageuza, akang'ata punje kwa jino ikalia "ka", akasema imekauka. Jino linaweza kukuambia mpunga umefika kwenye kukoboleka, yaani unyevu wa asilimia 14 hivi, lakini mbegu inataka 12 au chini. Mashine ya kupima unyevu ya kikundi ilisoma 14 na ushee siku ya kufunga, imeandikwa, na aliyeandika hakuona tatizo kwa sababu kwa mpunga wa kula hilo si tatizo. Kama huna mashine kuna njia ya chumvi ambayo ni rahisi na inasema ukweli kuliko jino: chukua chumvi kavu kabisa, weka kiasi kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza mbegu, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi 15. Ikidondoka chini yote uko chini ya hapo. Haikupeleki mpaka 12, lakini inakuzuia usifunge mbegu mbichi.

Tofauti kati ya 14 na 12 inaonekana ndogo mpaka usikie kanuni ya Harrington, mtaalamu wa mbegu, ambayo ni ya makadirio tu lakini inashika: kila ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake stoo yanakaribia kuongezeka mara mbili, na kila ukishusha joto kwa nyuzi 5 hivi, mara mbili tena. Inafanya kazi unyevu ukiwa kati ya 5 na 14. Na vitu hivi vinazidishana, havijumlishwi.

Ushahidi ulikuwepo kwenye familia yenyewe na ndio ulionifanya nione kisa hiki kina thamani ya kuandikwa. Mwezi Juni mdogo wake mama anayekaa Uru, juu kule mlimani, alichukua debe moja la mbegu hiyohiyo, akaenda nayo, akakuta jua limetoka akaianika tena siku mbili kwenye mkeka, akaitia kwenye dumu lile la mafuta la lita 20 lenye mfuniko wa kukaza, akajaza mpaka juu akafunga, akaliweka chini ya kitanda. Hakulifungua. Hakufanya hivyo kwa utaalamu, alikuwa anaogopa panya. Februari tukaomba punje, tukaotesha: 87 kwa mia, na siku ya tano zilikuwa zimeshatoka 79. Mama mmoja, shamba moja, siku moja ya kuvuna, pipa lilelile. Kilichotofautiana ni siku mbili za jua, dumu na mwinuko wa mlima.

Uru ni baridi kuliko Mabogini, sawa, lakini Uru pia kuna ukungu na unyevu wa hewa ambao Mabogini haupo, na mbegu kwenye salfeti kule ingefyonza unyevu huo mpaka ikazidi ya mama. Mbegu inapumua na hewa iliyo karibu nayo, ikiwa hewa ina unyevu wa asilimia 75 mpunga unaelekea kwenye 14 upende usipende, hata kama uliuanika mpaka 11. Kwa hiyo kukausha bila kufunga ni kazi ya bure kwenye masika, na kufunga bila kukausha ni kuipikia mbegu humohumo. Kuna watu wamenunua mifuko ile ya tabaka za plastiki isiyopitisha hewa wakatia mpunga wa 15 ndani, wakafungua wakakuta harufu, wakasema mfuko ni mbaya. Mfuko haukaushi kitu, unatunza kile ulichoweka.

Kwa kanuni hiyo ya Harrington dumu la Uru, lenye mbegu ya kama 12 na joto la chini kuliko Mabogini kwa nyuzi kama 4 au 5, lingetakiwa kuishi karibu mara nane ya salfeti. Haikufika huko na sababu iko wazi, salfeti nazo zilijikausha zenyewe kwenye kiangazi cha Agosti na Septemba, zikafyonza tena vuli ilipokuja, halafu Januari na Februari chumba cha bati bila dari kikazipika mchana kutwa. Nimeingia mle saa tisa alasiri, hukai. Na salfeti zilikuwa zimelazwa kwenye sakafu ya simenti na kuegemezwa ukutani, za chini ndizo zilizokuwa na hali mbaya zaidi.

Sasa kuhusu shemeji na 64 yake. IR64 ilikaa stoo hiyohiyo, salfeti za aina hiyohiyo, na Februari ikaota 70 kwa mia. Pale kijijini hukumu ikatoka haraka: 64 inadumu, Saro haidumu. Na inawezekana ni kweli, ila kisa hiki hakiwezi kuthibitisha, kwa sababu 64 ilivunwa wiki mbili baadaye jua limeshafunguka, haikulala, ikaingia kwenye salfeti ikiwa kavu zaidi. Aina na hali ya hewa ya kuvuna vimefungwa kwenye fungu moja, huwezi kuvitenganisha kwa macho. Ukitaka kujua kweli aina ipi ina maisha marefu inabidi uzipande pamoja, kila moja uivune siku zilezile baada ya kuchanua kwake, uzikaushe pamoja mpaka unyevu mmoja, halafu uzizeeshe pamoja. Watafiti hawasubiri miaka, wanaweka mbegu kwenye joto la nyuzi 40 mpaka 45 na hewa yenye unyevu mwingi kwa siku kadhaa, wanapima inayostahimili. Nayo ina kasoro zake, mbegu inayovumilia kuchemshwa siku tano si lazima iwe ndiyo itakayodumu miaka mitatu kwenye stoo kavu, uharibifu wa kwenye unyevu mkubwa na ule wa ukavu haufanani sana.

Lakini kwamba aina zinatofautiana, hilo halina ubishi. Kwa ujumla mpunga wa jamii ya indika, ambao ndio tunaolima huku, mbegu zake zinadumu kuliko japonika wa nchi za baridi kama Japani. Wajapani wenyewe walichukua Nipponbare yao wakaizalisha na Kasalath, aina ya kienyeji ya India, na mwaka 2002 wakatoa ramani: sehemu tatu kwenye kromosomu (zile nyuzi zinazobeba vinasaba) ya 2, ya 4 na ya 9 zinazoongeza maisha ya mbegu, zote nguvu inatoka upande wa Kasalath, na kubwa kuliko zote ni ile ya kromosomu ya 9, wameiita qLG-9. Faida ya ramani kama hiyo kwa mzalishaji wa aina mpya ni kwamba hana haja ya kuzeesha mbegu za kila mche, anakata kipande cha jani anasoma alama ya kinasaba anajua mche upi umebeba.

Njia nyingine ni ya mafuta. Kwenye pumba na kiini cha mpunga kuna mafuta, na kuna kimeng'enya kinaitwa lipoksijenesi, LOX-3, kinachosaidia hewa kuyachachusha. Ile harufu ya mchele uliokaa sana ni matunda ya kazi hiyo, na uchachu huohuo ndio unaotoboa utando wa seli za kiini. Kuna mpunga wa kienyeji wa Thailand, Daw Dam, umezaliwa bila LOX-3, mchele wake unachelewa kunuka uzee. Na China walipoizima jeni ya kimeng'enya hicho kwenye mpunga wao mbegu zikastahimili kuhifadhiwa zaidi. Kwa Saro hili linanivutia kuliko zote kwa sababu Saro inauzwa kwa harufu, sasa aina inayotunza harufu nzuri stoo na kutunza mbegu kwa wakati mmoja, mkulima anaipokea bila kuhubiriwa. (Ingawa mama ntilie watakuambia mchele wa zamani ndio wa pilau, unachambuka haugandi. Ni kweli, na ni uzee uleule. Wa mpishi na wa mpandaji wana mahitaji tofauti.)

Tahadhari ambayo mzalishaji lazima awe nayo ni kuchanganya maisha marefu na usingizi mrefu. Yule mpunga mwekundu wa porini unaosumbua majaruba unakaa ardhini muda mrefu ukaja kuibuka, na kwenye mpunga jeni ya Rc inayoleta wekundu wa punje imegundulika kuwa ndiyo hiyohiyo inayochangia usingizi. Ukivuta tabia kutoka kwenye aina za namna hiyo bila uangalifu unaweza kumpa mkulima mbegu inayoishi miaka mitatu lakini ikilowekwa inamkodolea macho. Usingizi kidogo tunautaka, usije mpunga ukachipua kwenye suke masika ikichelewa kukatika, ila uwe umekwisha kitalu kikiandaliwa.

Je, Saro yenye qLG-9 ingemwokoa mama? Mi naona isingemwokoa, ingemsogeza. Kinasaba kinaongeza mtaji zaidi kuliko kinavyopunguza kasi ya matumizi, na kwa unyevu wa 14 chini ya bati la Mabogini matumizi ni makubwa mno. Lakini kumsogeza mtu ambaye hajui kama zamu yake ya maji itakuja Julai au Februari si kitu kidogo. Aina zetu zinachaguliwa kwa mavuno, harufu, magonjwa, ukobokaji, na sijaona mkulima anaulizwa mbegu yako inasubiri muda gani kabla ya kupanda. Kwenye skimu isiyo na maji ya kutosha hiyo ni tabia ya uzalishaji kabisa, ipewe nafasi kwenye orodha. Na vyanzo vya kuanzia havipo mbali, benki ya taifa ya nasaba za mimea iko hapo Ngaramtoni, Arusha, mbegu za kienyeji zimelala kwenye friji za nyuzi 20 chini ya sifuri, na wanazipima uotaji wake kila baada ya muda. Fungu linaloshuka polepole kuliko mengine kwenye madaftari yao ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza maswali.

Jambo moja la utafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino, limenifanya nibadilishe ninachowaambia watu wa kuanika. Tulifundishwa mbegu ikaushwe taratibu kwenye ubaridi, na kwa miaka benki za mbegu zilifanya hivyo, nyuzi 15 na hewa kavu. Mwaka 2015 Whitehouse na wenzake walionyesha kwamba mpunga uliovunwa bado una unyevu mwingi, zaidi ya 16 hivi, ulidumu zaidi ukianza kukaushwa kwenye joto la mpaka nyuzi 45 kuliko ukianzia kwenye ubaridi. Maana yake mkulima asiogope jua. Aogope turubai jeusi saa saba mchana kwenye tabaka jembamba lisilogeuzwa, maana hapo unapita nyuzi hizo kwa mbali, ila jua la kawaida na mkono wa kugeuza kila nusu saa ni rafiki.

Tulichofanya ni hiki. Dumu la Uru lilirudishwa Mabogini likaoteshwa kitalu kipya, kilo zile hazikutosha shamba lote, zikatosha majaruba ya juu, kwingine alipanda 64 ya shemeji kwa kuongeza mbegu kidogo tu. Salfeti za Saro zilizobaki zilikobolewa, mchele ulikuwa mzuri kabisa. Kikundi kimebadilisha ukurasa wa daftari, sasa hesabu ya siku ya tano ndiyo inayosomwa kwanza kwenye mkutano, na fungu lolote ambalo siku ya tano halijafika nusu ya punje zake haliuzwi kama mbegu hata kama siku ya 14 limefika 95. Pia kila fungu linapimwa tena wiki tatu kabla ya kuloweka, kipimo cha miezi mitano nyuma hakitambuliki.

Yule wa Chekereni aliyeuziwa salfeti mbili Septemba alizipanda Oktoba kwa maji ya kisima, akapata mche wa kuridhisha isipokuwa ulichelewa, kwa hiyo hakudai pesa. Alichodai ni kwamba msimu huu apewe mbegu ya kwenye dumu, na bei iwe ileile. Mama amekubali dumu, bei bado wanavutana.